Jino Hutoboka kwa Hesabu ya Mara, Si ya Vijiko

Ukifika mwalo wa Kirumba, jijini Mwanza, alfajiri, mitumbwi ya dagaa ikiwa imerudi, utawakuta wavuvi waliokesha ziwani wakimalizia chupa ya chai waliyoondoka nayo jioni. Ni chai ya sukari ya kutosha, na imenyweka kidogo kidogo usiku mzima: kikombe saa tatu, kikombe saa sita, mafunda mawili matatu kila wavu unapovutwa. Magego yanayotoboka kwa mtindo huu hayaharibiwi na ukubwa wa chupa. Yanaharibiwa na kule kunywa usiku mzima.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea kuhusu kuoza kwa meno. Tunahesabu vijiko, tunamwambia mtoto asile pipi nyingi, kana kwamba kuna idadi fulani ya gramu inayotoboa jino. Jino linahesabu mara. Aliyemaliza soda yake kwa dakika kumi pamoja na chakula cha mchana amelisumbua jino mara moja. Aliyeinywa soda ileile kwa mafunda kuanzia saa nne hadi saa sita, huku akisubiri abiria kwenye kijiwe cha bodaboda, amelisumbua kwa saa mbili na ushei. Sukari ni ileile, bei ni ileile, madhara hayakaribiani hata kidogo.

Kinachotokea juu ya jino

Sehemu nyeupe tunayoiona ni enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Kiasi cha asilimia 96 ya uzito wake ni madini, hasa kalsiamu na fosfeti. Lakini haina chembe hai hata moja. Mfupa ukivunjika huunga. Enameli ikishabomoka na kufanya shimo, mwili hauwezi kuijenga upya. Chini yake kuna dentini, laini zaidi, yenye vijitundu vidogo mno vinavyoelekea ndani. Katikati kabisa ni kiini cha jino, chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Maumivu hutoka huko kwenye kiini, na ndiyo maana shimo linaloanzia kwenye enameli haliumi. Jino linaweza kuendelea kuharibika miezi mingi, hata miaka, mwenyewe akila na kucheka bila habari.

Juu ya enameli hukaa ukoga, ule utando laini ambao asubuhi ukiukwangua kwa ukucha unatoka mweupe na mzito. Ndani yake wamo bakteria wengi, na anayejulikana zaidi kwa uharibifu wa meno ni Streptococcus mutans, aliyeelezwa mara ya kwanza mwaka 1924 na J. Kilian Clarke. Bakteria hao hula sukari tunayokula na kutoa asidi. Kazi hiyo haichukui muda: ndani ya dakika tano hadi kumi baada ya funda la chai tamu, pH kwenye ukoga, yaani kipimo cha asidi ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi, hushuka kutoka karibu na 7 hadi chini ya 5.5. Ikifika hapo, enameli huanza kuachia madini yake. Kisha mate huanza kazi. Yanaizimua asidi, na baada ya nusu saa hadi saa nzima yanakuwa yamerudisha hali ya kawaida na kuanza kurudisha kalsiamu na fosfeti pale zilipotoka. Mmarekani Robert Stephan alipima mshuko huo na mpando wake miaka ya 1940, na mchoro wake bado unafundishwa kwa kila mwanafunzi wa udaktari wa meno.

Kwa hiyo jino lolote lililo mdomoni linapoteza madini na kuyarudisha kila siku, tangu siku lilipoota. Kuoza ni deni linalokua pale muda wa asidi unapozidi muda wa mate. Ukilielewa hilo, mambo mengine yote yanakaa mahali pake.

Chukua siku ya kawaida ya muuza duka pale Makoroboi. Saa moja asubuhi chai na maandazi mawili. Saa nne soda. Saa saba wali kwa samaki. Saa tisa pipi. Saa kumi na moja chai tena. Saa mbili usiku ugali, na saa tatu na nusu soda nyingine mbele ya televisheni. Ukitoa ugali na wali, sukari imeingia mdomoni mara tano, na kila mara ukiihesabia nusu saa, ambayo ni hesabu ya huruma, unapata saa mbili na nusu za asidi. Sasa mwambie soda ya saa nne ainywe na wali, pipi aile palepale baada ya wali, chai ya saa kumi na moja ainywe bila sukari, na soda ya usiku aiteremshie ugali. Zimebaki mara tatu, saa moja na nusu. Kilichopungua ni vijiko vya chai moja tu, lakini mate yamepewa jioni nzima na usiku mzima wa kufanya kazi.

Jambo hili lilithibitishwa kwa njia ya kuumiza. Nchini Uswidi, kuanzia mwaka 1945 hadi miaka ya 1950, wagonjwa wenye ulemavu wa akili katika hospitali ya Vipeholm, mjini Lund, walilishwa sukari kwa namna tofauti ili meno yao yatazamwe. Waliopewa sukari pamoja na milo waliongezeka mashimo kidogo tu. Waliopewa tofi za kunata kati ya mlo na mlo, meno yao yaliharibika vibaya mno. Hakuna aliyewaomba ridhaa. Kila tunapomwambia mtu kwamba pipi ya saa tisa ni mbaya kuliko ya baada ya chakula, tunatumia elimu iliyolipiwa na watu wale, na ni haki wakumbukwe.

Hii haina maana kwamba kiasi si kitu. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai visivyorundikwa. Soda ya kawaida ina gramu 10 hadi 11 kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 350 peke yake inavuka mpaka huo. Ila kama mtu ana nguvu ya kubadilisha jambo moja tu mwezi huu, abadilishe mara.

Mdudu hayupo, na kisu kisimguse mtoto

Bado wapo wanaoamini kwamba ndani ya jino kuna mdudu anayetafuna. Uzi mweupe ambao huonekana jino bovu linapovunjika au kung'olewa ni nyama ya kiini cha jino lenyewe. Tangu mwaka 1890, W. D. Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, alionyesha kwamba mate yenye bakteria yakichanganywa na wanga au sukari hutoa asidi inayoyeyusha jino, hata likiwa nje ya mdomo. Kwa watu wazima imani ya mdudu huishia kwenye kuchelewa kutibiwa. Kwa watoto wachanga inafika mbali zaidi.

Nazungumzia meno ya nailoni, ambayo wengine huita meno ya plastiki. Mtoto wa miezi minne au mitano anahara na ana homa. Mtu anapitisha kidole kwenye fizi, anakuta uvimbe mweupe mahali chonge zinapojiandaa kuota, anasema hilo ndilo linalomwumiza, na linachimbwa kwa kisu, wembe au spoku ya baiskeli. Uvimbe ule ni chonge ya kawaida inayokua. Homa na kuhara vina chanzo kingine, mara nyingi malaria au maji machafu, na muda unaopotea kwenye kuchimba fizi ndio muda ambao mtoto alihitaji kupimwa na kupewa maji ya chumvichumvi. Kuchimba huleta kutokwa damu, pepopunda, maambukizi ya Virusi vya UKIMWI kwa chombo kilichotumika kwa watoto kadhaa, na mbegu ya chonge ya ukubwani iliyo chini yake huumia, ikaja kuota vibaya au isiote kabisa. Bibi anayependekeza jambo hili anampenda mjukuu wake, na aelezwe kwa heshima. Lakini mtoto asipelekwe.

Vyakula vyetu

Sato, sangara, dagaa, furu, nyama, mayai, karanga na maziwa yasiyotiwa sukari havilishi bakteria wa meno kwa kiasi cha kuhangaisha mtu. Ugali na mboga pia havina neno. Kuna wanaodhani kula dagaa wazima wazima kwa ajili ya kalsiamu kutaimarisha meno ya mtu mzima. Kalsiamu hiyo ni nzuri kwa mifupa, na kwa meno ya mtoto yanapojengwa ndani ya taya. Jino lililokwishaota linahudumiwa na mate.

Viazi vitamu vya kuchemsha, licha ya utamu wake, si tatizo kubwa. Matobolwa ni suala jingine: kwa sababu vimechemshwa kisha vikakaushwa, vinavutika, vinajaa kwenye mifereji ya magego na kukaa humo. Tafuna pamoja na mlo, kisha sukutua kwa maji. Vivyo hivyo maandazi, keki na biskuti, ambapo wanga uliopikwa laini hushikana na sukari na kujibana pale mswaki usipofika vizuri. Tunda zima ni bora kuliko juisi yake, kwa sababu juisi ni sukari iliyotolewa kwenye nyuzi zake na kuachwa huru. Muwa unaotafunwa mchana kutwa, pingili baada ya pingili, unarudisha tatizo la chupa ya chai ya wavuvi.

Ukwaju, ndimu, embe bichi la chumvi na pilipili, soda na vinywaji vya kuongeza nguvu vina asidi yake wenyewe, bila kusubiri bakteria. Soda nyingi za kola zina pH isiyofika 3. Hizo hulainisha uso wa enameli papo hapo, kwa hiyo usikimbilie mswaki ukishamaliza. Sukutua kwa maji, subiri nusu saa, ndipo upige mswaki.

Uji wa mtoto unastahili neno lake. Mtoto anayeanzishiwa uji miezi sita hajui kwamba uji ni lazima uwe mtamu. Ladha hiyo anafundishwa na sisi. Uji wa karanga, wa maziwa, au uliosongewa ndizi mbivu unatosha kabisa. Ukiuanza na vijiko viwili vya sukari, utahangaika miaka kumi kuviondoa.

Inua mdomo wa juu

Jambo ambalo kila mzazi anaweza kulifanya bila kifaa chochote ni kukagua. Kaeni watu wawili mkitazamana, magoti yakigusana, karibu na mlango penye mwanga wa jua. Mlaze mtoto chali, kichwa mapajani mwako, miguu kwa mwenzako. Kwa kidole gumba inua mdomo wa juu taratibu. Futa meno ya mbele kwa kitambaa safi mpaka yakauke, maana mate huficha. Kisha tazama mstari ule ambapo jino linazama kwenye ufizi.

Enameli iliyo nzima inang'aa. Iliyoanza kupoteza madini inaonyesha mstari mweupe wa rangi ya chokaa, usio na mng'ao, unaofuata mkunjo wa ufizi. Hapo hapajatoboka. Hapaumi. Na panaweza kurudi nyuma kabisa, kwa kusafishwa mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi na kwa kukata vinywaji vitamu vya usiku. Mstari ukishageuka wa njano au kahawia, na uso wake ukawa na kingo za kuvunjika, kazi hiyo si ya nyumbani tena. Fanya ukaguzi huu kila mwezi tangu jino la kwanza, ambalo kwa kawaida huchomoza karibu na miezi sita.

Kwa nini meno ya mbele ya juu? Kwa sababu mtoto akilala na chupa ya chai ya maziwa, juisi au maziwa yaliyotiwa sukari, kimiminika hukusanyika hapo. Meno ya mbele ya chini hufunikwa na ulimi na kuoshwa na tezi za mate zilizo chini yake, ndiyo maana mara nyingi hubaki mazima huku ya juu yakiwa vigutu. Na mtu akilala mate hupungua mno, mtoto kwa mkubwa. Maziwa ya mama yaendelee mpaka miaka miwili na zaidi kama inavyoshauriwa kliniki. Baada ya meno kuota, yasafishwe kabla ya kulala. Chupa ya kulalia, ikiwa haina budi, iwe na maji matupu.

Floraidi, mswaki, na kikombe cha maji

Mwaka 1931 wanasayansi wa Marekani walibaini kwamba madoa ya kahawia kwenye meno ya watu wa Colorado Springs, yaliyomhangaisha daktari Frederick McKay kwa miaka mingi, yalitokana na floraidi nyingi kwenye maji, na ni meno hayohayo yaliyokuwa magumu kutoboka. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ukawa wa kwanza kuongeza floraidi kidogo kwenye maji ya bomba. Floraidi ikiwa kwenye mate huyasaidia madini kurudi kwenye enameli, na enameli iliyojengwa nayo huhimili asidi mpaka pH ikaribie 4.5 badala ya 5.5.

Huku kwetu maji ya Ziwa Victoria yana floraidi kidogo, na maji ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, hayaongezewi. Kwa hiyo anayekunywa maji ya ziwa anaipata floraidi yake kwenye dawa ya meno, basi. Hali ni tofauti kwa wenye visima vya maeneo kama Arusha na sehemu za Shinyanga na Singida, ambako floraidi inaweza kuvuka kwa mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto yakaota na madoa. Hata hapa ziwani kuna njia ya kificho: magadi. Magadi ya kulainishia maharage, kunde na mlenda mara nyingi yana floraidi nyingi, na mtoto aliye chini ya miaka minane, ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengwa ndani ya taya, anaweza kuota meno yenye madoa ingawa maji ya nyumbani hayana tatizo. Loweka maharage tangu usiku, yachemshe bila magadi, na kama mtu mzima anayataka, achotewe sehemu yake pembeni.

Ukienda dukani, geuza boksi la dawa ya meno usome. Tafuta neno fluoride na namba inayoishia na ppm. Inayofaa ni kati ya 1000 na 1500. Dawa nyingine zinazonadiwa kuwa za mitishamba hazina floraidi kabisa; zinatoa harufu nzuri na povu, lakini kwa kuzuia kutoboka zinakuacha na kazi ya mswaki peke yake. Watoto wanaotumia dawa yenye floraidi huzuia takriban robo ya uharibifu ambao wangeupata bila hiyo, na kwa kitu kinachouzwa kila kioski sioni sababu ya kununua isiyo nayo.

Mtoto wa chini ya miaka mitatu apewe kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Mkubwa anatosheka na sentimita moja. Matangazo ya kujaza mswaki mzima yanauza dawa tu. Mswaki uwe wa nywele laini, ulale kwa mshazari, nusu kwenye jino, nusu kwenye ukingo wa ufizi, na usogee kwa miduara midogo bila kukamuliwa. Anza mahali panaposahaulika: upande wa ndani wa magego ya chini, unaogusana na ulimi. Ukianza na meno ya mbele utachoka kabla hujafika nyuma. Dakika mbili, mara mbili kwa siku, na kama ni lazima moja ikose, isiwe ya usiku. Baada ya ile ya usiku kisiingie mdomoni kitu kingine isipokuwa maji.

Halafu tema, na uishie hapo. Hili linawashangaza wengi, kwa sababu tumezoea kusukutua vikombe viwili mpaka ladha iishe. Ladha ikiisha na floraidi imekwenda nayo. Tema povu, futa midomo, kalale.

Mtoto hana ufundi wa mikono wa kujisafisha vizuri mpaka afike miaka saba au minane. Msimamishe mbele yako, mgongo wake ukuelekee, kichwa kiegemee kifuani kwako, mkono mmoja ushike kidevu na mwingine upige mswaki. Mwache ajaribu mwenyewe kwanza, kisha wewe malizia.

Mswaki wa mti si wa kudharauliwa. Kijiti kibichi cha unene wa penseli, kikatafunwa ncha mpaka nyuzi zifunguke, huondoa ukoga vizuri kwenye nyuso za nje, na kina faida ya kumtoa mtu mate mengi. Upungufu wake ni nyuma na ndani, ambako hakipindi, na kwamba hakina floraidi. Chovya ncha kwenye dawa ya meno, na ikate ncha hiyo kila siku upate mpya. Mkaa, majivu na mchanga viacheni: vinang'arisha kwa kukwangua.

Neno la pembeni kwa walio mialoni na visiwani: usiingie ziwani mpaka magotini ili kupiga mswaki. Vimelea vya kichocho hupenya ngozi iliyo ndani ya maji. Chota maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, usimame nchi kavu.

Gego la miaka sita

Kama kuna jino moja ninalotamani kila mzazi wa Mwanza alifahamu kwa sura, ni hili. Mtoto akikaribia miaka sita, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa ya magego ya utotoni. Hakuna jino linalong'oka kulipisha, kwa hiyo wazazi hulihesabu miongoni mwa meno ya utotoni, na likitoboka husema litang'oka lenyewe. Halitang'oka. Ndilo atakalolitegemea kutafuna mpaka uzeeni.

Linaota taratibu, kwa miezi mingi likiwa fupi kuliko jirani yake, na mswaki unaopita kwa urefu wa mdomo unalivuka juu bila kuligusa. Enameli yake bado changa. Mifereji ya juu yake ni myembamba kuliko unywele mmoja wa mswaki. Kwa hiyo katika kipindi hicho geuza mswaki uingie kwa ubavu, kutokea pembe ya mdomo, usugue gego hilo peke yake. Hesabu kutoka katikati ya mbele kwenda nyuma: meno ya utotoni ni matano kila upande, hilo ni la sita. Ukiweza, mpeleke kwa daktari wa meno likishatokeza lote, uulize kama mifereji yake inaweza kuzibwa kwa utando wa kinga kabla haijatoboka.

Magego ya utotoni nayo si ya kupuuzwa eti ni ya muda. Hukaa mpaka miaka kumi hadi kumi na miwili. Likiondolewa mapema mno, gego la miaka sita husogea mbele kujaza nafasi, na jino la ukubwani lililokuwa linasubiri chini hukosa pa kutokea.

Watu wazima wenye mdomo mkavu nao wawe macho: wenye kisukari kisichodhibitiwa, wanaotumia dawa kama amitriptyline (ya sonona) au za mzio, na waliopigwa mionzi ya kichwa na shingo. Mate yakikosekana, lile deni halilipwi. Wazee walioshuka fizi wana mizizi iliyo wazi, isiyo na enameli, ambayo huanza kuachia madini mapema, pH ikiwa bado juu ya 6.

Likishatoboka

Ubaridi unaouma kwa sekunde chache kisha ukaacha ni habari njema: kiini bado kizima, na jino linaweza kuzibwa. Maumivu yanayokuja yenyewe, yanayodunda usiku, yasiyoisha dakika nyingi baada ya kunywa kitu cha moto, yanasema kiini kimeathirika vibaya. Hapo ni matibabu ya mzizi au kung'oa. Kisha kuna kipindi cha hatari kuliko vyote, maumivu yanapokoma ghafla. Mtu hushukuru na kuahirisha hospitali. Kiini kimekufa, na usaha unajijenga kwenye ncha ya mzizi.

Mafuta ya karafuu kwenye pamba hupunguza maumivu kwa saa chache, na kwa usiku mmoja hakuna ubaya. Aspirini iliyosagwa na kubandikwa kwenye ufizi huunguza nyama. Imeze au iache, na mtoto asipewe kabisa. Maji ya betri na petroli ni sumu. Antibayotiki za duka la dawa hazizibi tundu wala hazifufui kiini. Zinatuliza uvimbe, kisha unarudi.

Wengi huamini kuziba jino ni lazima mashine na umeme. Sivyo. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ndipo ilipoanzishwa njia ya kuziba kwa zana za mkono, ambayo sasa hutumika duniani kote. Daktari hukausha jino kwa pamba, hupanua mdomo wa tundu kwa kipatasi kidogo, hukwangua dentini iliyolainika kwa kijiko chembamba, huchanganya unga na kimiminika cha saruji ya glasi ionoma, huijaza kwenye tundu na mifereji, kisha hubonyeza juu kwa kidole cha glovu kilichopakwa vaselini. Usile kwa saa moja. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki, na saruji hiyo huendelea kuachia floraidi kidogo kidogo. Inadumu vizuri kwenye tundu dogo la juu ya gego. Kwenye tundu kubwa lililo katikati ya meno mawili huvunjika mapema zaidi. Kwa watoto ipo pia dawa ya kupaka ya fedha na floraidi, ambayo husimamisha uharibifu bila kukwangua, ila huacha sehemu iliyooza nyeusi moja kwa moja. Vyote viwili, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, viliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Ukifika kitengo cha meno na ukaambiwa jino ling'olewe, ni haki yako kuuliza: haliwezi kuzibwa?

Likilazimika kutoka, ng'ata pamba kwa nusu saa, usisukutue wala kutematema siku hiyo, maana donge la damu likitoka, mfupa unabaki wazi na maumivu yake ni makali kuliko ya jino. Kuanzia kesho yake sukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa kikombe.

Na uvimbe usichukuliwe kirahisi. Shavu lililovimba lenye homa linahitaji daktari siku hiyohiyo. Uvimbe ulioshuka chini ya kidevu na shingoni, ulimi ulioinuka, mate yanayochuruzika kwa sababu mgonjwa hawezi kumeza, mdomo usiofunguka hata vidole viwili, jicho linalofumba, pumzi inayokwama: usaha unasambaa kwenye shingo na unaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache. Mgonjwa akae wima, asilazwe chali. Kama yuko Ukara, Kome au kisiwa kingine, itafutwe boti usiku huohuo, apelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji, Sekou Toure au Bugando kama ndiyo ya karibu, na anayemsindikiza aseme pale mapokezi kabla ya kuandikisha jina kwamba huyu hawezi kumeza mate.